Kutoka Wawi hadi Mafia: kukokotoa umbali na muda wa ndege baina ya viwanja vidogo

Maswali ni yale yale kila wiki. Mmoja anataka kujua Pemba na Unguja ni kilomita ngapi kwa angani. Mwengine ana mgeni atakayetoka Chake kwenda Mafia, na anataka kujua amfanyie booking ya chumba usiku gani. Mwengine ameandika mtandaoni "Zanzibar mpaka Pemba", akajibiwa kilomita 765, na sasa anadhani simu imeharibika. Simu ni nzima. Imempeleka Pemba nyengine.

Kwa viwanja vikubwa majibu yapo tele. Kwa viwanja vya kwetu, kurasa nyingi hukisia tu: huchukua umbali, huugawa kwa mwendo wa jeti, na wewe unaambiwa Wawi, kiwanja cha Pemba, hadi Unguja ni dakika tisa. Jaribu kumwambia hivyo mtu aliyeikalia Caravan, ile ndege ndogo ya pangaboi moja.

Jambo moja ulishike kabla hatujaanza. Umbali ni namba moja tu, na ukiupata umemaliza. Muda ni namba tatu: muda wa kuwa angani, muda ulioandikwa kwenye tiketi, na muda wa safari nzima kutoka mlangoni kwako. Watu wengi wanaokosa hesabu hawakosei kuzidisha. Wameuliza namba moja wakapewa nyengine.

Vitu vya kuwa navyo

- Karatasi na kalamu.
- Simu yenye kikokotoo chenye alama ya kipeuo cha pili (√). Kama huioni, ilaze simu ubavuni. Kwenye simu nyingi hutokea.
- Jina kamili la kila kiwanja, pamoja na herufi zake tatu.
- Ramani yoyote ya mtandaoni inayoonyesha latitudo na longitudo.
- Aina ya ndege, kama unaijua. Bila hiyo utapata umbali sahihi na muda wa kubahatisha.

Hisabati inayohitajika ni ya skuli ya msingi na kidogo cha sekondari.

Hatua ya 1. Hakikisha ni kiwanja kipi

Usiruke hatua hii. Makosa makubwa kuliko yote hutokea hapa.

Kiwanja cha Pemba yetu, kile cha Wawi mashariki ya mji wa Chake Chake, herufi zake ni PMA. Kuna mji mwengine unaoitwa Pemba, kaskazini mwa Msumbiji, na kiwanja chake ni POL. Herufi hizo zinashangaza mpaka ujue kwamba zamani mji huo uliitwa Porto Amélia. Ukiandika "Pemba" peke yake, mtandao unaweza kukuchagulia wowote kati ya hiyo miwili. Baina ya Pemba hizi mbili kuna karibu kilomita 860, kwa hiyo si kosa la kupuuza. Andika PMA.

Mtego wa pili ni jina la Karume. Kiwanja cha Unguja ni Abeid Amani Karume, herufi ZNZ. Kile cha Pemba nacho huitwa Karume kwenye baadhi ya orodha. Ukiona "Karume Airport" bila herufi, usiendelee mpaka uzijue.

Mtego wa tatu uko bara: Arusha. Kiwanja kidogo cha Arusha ni ARK, na ndege ndogo nyingi kutoka Unguja hutua hapo. Kilimanjaro ni JRO, nacho kiko baina ya Arusha na Moshi. Mtu akikwambia "nakuja Arusha", muulize herufi kabla hujatuma gari.

Kuna pia herufi nne ambazo marubani huzitumia: HTPE kwa Pemba, HTZA kwa Unguja. HT ni Tanzania, HK ni Kenya, FQ ni Msumbiji. Kama orodha yako ina herufi nne, angalia mbili za mwanzo. Zitakwambia haraka kama umo nchi sahihi.

Hatua ya 2. Tafuta latitudo na longitudo ya kiwanja chenyewe

Nasema kiwanja, si mji. Kwenye ramani ya simu, bonyeza katikati ya njia ya kurukia ndege na ushikilie mpaka alama ishuke. Namba mbili zitatokea. Ya kwanza ni latitudo, ya pili longitudo. Hizi hapa za viwanja ninavyoulizwa zaidi, kwa desimali mbili, kiasi kinachotosha kabisa:

- Pemba (PMA): 5.26 kusini, 39.81 mashariki
- Unguja (ZNZ): 6.22 kusini, 39.22 mashariki
- Dar es Salaam (DAR): 6.88 kusini, 39.20 mashariki
- Tanga (TGT): 5.09 kusini, 39.07 mashariki
- Mafia (MFA): 7.92 kusini, 39.67 mashariki
- Kigoma (TKQ): 4.89 kusini, 29.67 mashariki

Ramani nyingi huandika kusini kwa alama ya kutoa: -5.26. Usiogope, ni kitu kile kile.

Hatua ya 3. Kama namba ziko kwa nyuzi na dakika, zigeuze

Vitabu na chati za bahari huandika hivi: 5°15′. Hiyo si 5.15. Dakika ziko 60 ndani ya uzi mmoja, kwa hiyo unagawa: 15 ÷ 60 = 0.25, na jibu ni 5.25. Ukiandika 5.15 umekihamisha kiwanja kilomita 11, na Pemba si kisiwa kipana. Kosa kama hilo kwenye longitudo linaweza kukutua baharini.

Hatua ya 4. Toa, zidisha kwa 111, tafuta kipeuo

Uzi mmoja wa latitudo ni karibu kilomita 111. Uzi wa longitudo hupungua kadiri unavyokwenda mbali na ikweta, lakini sisi tuko karibu nayo mno hata tofauti haionekani. Kwa hiyo tumia 111 kwa zote mbili.

Pemba hadi Unguja:

Latitudo: 6.22 − 5.26 = 0.96. Zidisha kwa 111 upate kilomita 106.6.
Longitudo: 39.81 − 39.22 = 0.59. Zidisha kwa 111 upate kilomita 65.5.

Sasa una pande mbili za pembetatu mraba na unatafuta ule mrefu. Ni ile kanuni ya Pythagoras. Kila namba izidishe kwa yenyewe, jumlisha, kisha tafuta kipeuo: 106.6 × 106.6 ni karibu 11,364, 65.5 × 65.5 ni karibu 4,290, jumla 15,654, kipeuo chake ni 125.

Kilomita 125. Basi.

Fanya na Tanga kwa mazoezi. Utapata kilomita 84, na hapo wengi hushangaa, kwa kuwa tumezoea kuihesabu Unguja kuwa ndiyo jirani. Kwa mstari wa angani, kiwanja cha Tanga kiko karibu zaidi na Wawi kuliko cha Unguja.

Njia hii inahimili hata safari ndefu ya mashariki na magharibi. Pemba hadi Kigoma inakupa kama kilomita 1,126, na hesabu kamili ya mviringo wa dunia inatoa kama 1,124. Kilomita mbili katika elfu na zaidi, nani atagombana? Lakini usiitumie kwa London au Muscat. Huko mviringo wa dunia unaanza kudai haki yake. Tumia ukurasa kama Great Circle Mapper, uandike zile herufi tatu tatu, na ikuchoree.

Onyo: kama kiwanja kimoja kiko kaskazini ya ikweta, latitudo hujumlishwa, haitolewi. Mogadishu iko 2.01 kaskazini. Kutoka Pemba tofauti ni 5.26 + 2.01, yaani 7.27. Ukitoa unapata 3.25, na Mogadishu yako itakuwa imehamia kusini ya ikweta, katikati ya bahari.

Hatua ya 5. Jua ni ndege gani

Hapa ndipo kurasa za mtandaoni zinapoanguka. Mwendo wa kukokotolea, kwa kukadiria:

- Cessna Caravan, ile ndogo ya pangaboi moja: kilomita 280 kwa saa.
- ATR 72, pangaboi mbili: 480.
- Dash 8-400: 620.
- Jeti kama Airbus A220 au Boeing 737: 820.

Vitabu vya watengenezaji vitakupa namba kubwa zaidi ya hizi. Hizo ni za ndege iliyokwishapanda juu na kutulia. Katika safari fupi za kwetu, ndege haijamaliza kupanda vizuri inaanza kushuka, kwa hiyo namba ya kitabu hudanganya.

Hatua ya 6. Gawa, halafu ongeza dakika za ardhini

Umbali gawa kwa mwendo, jibu zidisha kwa 60. Pemba hadi Unguja kwa Caravan: 125 ÷ 280 × 60 = dakika 27.

Huo ni muda wa angani. Tiketi huhesabu tangu ndege inapoanza kuondoka ilipoegeshwa hadi inaposimama upande wa pili. Kwa hiyo ongeza: Caravan dakika 5 hadi 10, pangaboi kubwa 15 hadi 20, jeti 30. Ndipo unapoipata ile nusu saa na kidogo ambayo kila abiria wa Pemba anaijua.

Ukitaka kujipima, chukua Dar hadi Mwanza, umbali wa kilomita 850 hivi. Kwa jeti: dakika 62, ongeza 30, ni saa moja na nusu. Linganisha na ratiba yoyote ya njia hiyo. Ikiwa hesabu yako imekaribia, umeshajua kazi.

Hatua ya 7. Angalia msimu wa upepo

Kwa jeti usijisumbue. Kwa Caravan upepo una neno.

Tuseme upepo ni kilomita 30 kwa saa, sambamba na njia. Ndege ikielekea Unguja wakati wa kaskazi, tuseme Januari, upepo ni wa tezi, yaani unasukuma kwa nyuma, na mwendo juu ya ardhi unakuwa 310: dakika 24. Wakati wa kusi, tuseme Julai, upepo ni wa omo, yaani unakuja kwa mbele, na mwendo unashuka hadi 250: dakika 30. Kurudi Pemba, mambo yanageuka. Nahodha yeyote wa bandari ya Mkoani angekwambia hayo bila kikokotoo.

Ila kuna kitu nahodha hakijui. Njia ya kurukia ya Unguja imelala kaskazini na kusini, na ndege hutua ikiuelekea upepo. Wakati wa kusi, ndege inayotoka Pemba inakuja kutoka kaskazini na inaweza kunyoosha moja kwa moja ikatua. Wakati wa kaskazi mara nyingi hulazimika kupita kiwanja, kuzunguka, na kutua ikitazama ilikotoka. Zile dakika ulizozawadiwa na upepo wa tezi unazirudisha kwenye mzunguko huo. Ndiyo maana ratiba huandika muda mmoja mwaka mzima na hakuna anayelalamika.

Hatua ya 8. Kata safari vipande, kama hakuna ndege ya moja kwa moja

Turudi kwa mgeni wa Mafia. Ukikokotoa Pemba hadi Mafia kwa mstari mmoja unapata kilomita 296, na kwa Caravan ni saa moja na dakika kumi pamoja na nyongeza. Namba nzuri, lakini haimsaidii ikiwa hakuna ndege inayopita mstari huo.

Safari yake halisi kwa kawaida ni vipande vitatu:

Pemba – Unguja: kilomita 125, angani dakika 27
Unguja – Dar: kilomita 73, angani dakika 16
Dar – Mafia: kilomita 127, angani dakika 27

Jumla kilomita 325, tisa na ishirini zaidi ya mstari ulionyooka. Hazijaongezeka sana, kwa sababu viwanja vyote vinne vimepangana kaskazini hadi kusini. Muda wa angani ni dakika 70. Na nyongeza za ardhini, saa moja na nusu.

Sasa kinachokula siku: kusubiri. Kama ni ndege ile ile inayoshusha na kupakia, kila kituo kinaweza kuchukua robo saa hadi dakika 20, na mgeni hateremki. Kama anabadilisha ndege, usimpe chini ya saa moja na nusu. Kama tiketi ni mbili za kampuni mbili tofauti, mpe saa tatu, kwani ya kwanza ikichelewa ya pili haina wajibu wa kumsubiri. Na pale Dar majengo ya abiria ni matatu na yako mbalimbali. Usidhani atavuka ukumbi mmoja akaingia mwengine.

Kitu kinachosahauliwa ni jua. Viwanja vidogo visivyo na taa kwenye njia ya kurukia havipokei ndege usiku. Hata hesabu ikikwambia mgeni atafika saa moja na nusu usiku, ukweli ni kwamba atalala Dar. Kwa safari za namna hii, kipande cha mwisho kiwe kinatua kabla ya saa kumi na moja jioni.

Kisha ongeza ncha mbili za safari. Kutoka Wete hadi Wawi ni karibu kilomita 30 za barabara; kwa daladala inayojaza abiria njiani, weka saa nzima, na zaidi siku ya gulio. Uwe kaunta saa moja kabla ya ndege kuruka. Kwa ndege ndogo mzigo kwa kawaida ni kilo 15, na begi laini linapokewa vizuri kuliko sanduku gumu. Anayebishana kwenye mizani anakula dakika za wenzake.

Hatua ya 9. Isome saa ya tiketi kwa saa ya tiketi

Tiketi huandikwa kwa saa 24, na saa zake huanza usiku wa manane. Sisi saa yetu huanza alfajiri. 07:00 ni saa moja asubuhi, si saa saba. 13:00 ni saa saba mchana. Punguza sita; ikiwa namba ni ndogo kuliko sita, ongeza sita: 05:30 ni saa kumi na moja na nusu alfajiri. Wakati wa usiku punguza kumi na mbili kwanza, halafu sita: 19:00 ni saa moja usiku.

Mbaya zaidi ni ndege za usiku mkubwa. Tiketi ikisema Jumanne 00:30, hiyo ni saa sita na nusu ya usiku wa kuamkia Jumanne. Yaani unatoka nyumbani Jumatatu baada ya Isha. Mtu anayekwenda kiwanjani Jumanne usiku ameikosa ndege kwa siku nzima. Unapompigia simu mtu wa kumpokea mgeni, taja "kuamkia", na urudie.

Halafu kuna saa za nchi. Saa zote zilizoandikwa ni za pale pale kiwanja kilipo. Tanzania, Kenya na Komoro zina saa moja. Msumbiji, Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo ziko nyuma yetu kwa saa moja. Ndege ikitoka kwetu 10:00 na kufika Msumbiji 11:30, safari si saa moja na nusu. Ni mbili na nusu. Kurudi, kinyume chake.

Kigoma haina mabadiliko ya saa, lakini jua lake liko nyuma ya la Pemba kwa kama dakika 40. Mgeni aliyefunga asifuturu kwa ratiba ya Chake.

Hesabu ikikataa

Umbali umetoka maelfu ya kilomita. Umebadilisha nafasi za latitudo na longitudo kwa kiwanja kimoja. Kwetu longitudo huanzia 29 hadi 40 na kidogo. Latitudo haifiki 12. Ukiona 39 mahali pa latitudo, umeshalijua kosa.

Umbali umepishana na wa mtandao kwa kilomita chache. Wao wamepima katikati ya mji, wewe umepima kiwanja. Acha.

Mtandao unasema 68, wewe una 125. Hizo ni maili za baharini. Maili moja ya baharini ni kilomita 1.852. Ukiona 78, ni maili za nchi kavu, za kilomita 1.609. Namba zote tatu ni sahihi.

Simu inakupa safari ya saa nyingi yenye barabara na boti. Umeomba njia ya gari. Tafuta kitufe cha kupima umbali, ndicho kinachochora mstari ulionyooka.

Muda wa tiketi ni mrefu sana kuliko wako. Tafuta kituo cha katikati. Safari nyingi za ndege ndogo hutua njiani bila tiketi kulipigia kelele. Kama hakuna kituo, umekisia ndege yenye mwendo mkubwa mno. Piga simu uulize ni ndege gani.

Muda wa tiketi ni mfupi kuliko inavyowezekana. Saa za nchi mbili. Rudi hatua ya 9.

Unafuatilia ndege kwenye Flightradar24 na huioni. Ndege ndogo nyengine hazitoi ishara inayopokewa na mitambo ya ukurasa huo, hasa zikiruka chini. Kutoonekana si dalili ya ajali wala ya kuahirishwa, na tafadhali usiisambaze kwenye kundi la familia. Piga simu kaunta ya kiwanja inakotua. Watakuwa wameshaambiwa imeondoka saa ngapi.